Kocha Mpya: Ni Ujuzi ama ni Bahati?

Muhtasari wa ujumbe wa Jumapili, ibada ya kwanza na ya pili
Andiko la msingi: Mhubiri 9:11, Yoshua sura ya 6 hadi ya 8



Jumapili iliyopita baada ya ibada nilipita kule nyuma, mahali vijana wetu hupanga viti kabla ya chai. Viti vilikuwa bado vimetawanyika. Wao walikuwa wamesimama duara wanabishana. Mmoja anasema, kocha mpya akiingia na timu ianze kushinda, huo ni ujuzi, mpeni heshima yake. Mwingine anamjibu, "Ujuzi gani? Hiyo ni bahati. Ngoja mechi kumi uone." Waliponiona wakanyamaza kama watoto waliopatikana na sukari mdomoni. Nikawaambia, endeleeni tu, hata mimi nataka kusikia.

Lile swali lilinifuata nyumbani, likakaa nami wiki nzima, maana si swali la mpira peke yake. Ni swali la mama aliyefungua kibanda cha mboga mwaka huu na wateja wakamiminika, na la ndugu aliyepandishwa cheo kazini. Ni swali pia la mchungaji aliyepewa kanisa jipya likajaa ndani ya miezi michache. Mambo yakienda vizuri, tuseme ni nani amefanya? Ni mimi? Ni bahati? Ni Mungu?

Wacha tuanze na mpira, kisha tuingie kwenye Neno.

Ninyi mashabiki wa Manchester United mnakumbuka Desemba 2018. Mourinho alifutwa kazi tarehe 18, timu ikiwa nafasi ya sita, pointi 19 nyuma ya Liverpool. Akaletwa Ole Gunnar Solskjær, mtu wa Norway, ashikilie kazi kwa muda tu. Huyu ndiye aliyefunga goli la ushindi dhidi ya Bayern Munich kule Barcelona mwaka wa 1999, dakika za nyongeza. Mechi yake ya kwanza akaifunga Cardiff 5-1. Akashinda ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka zikafika nane mfululizo. Vijana wetu walitembea hapa mtaani kama watu waliookoka upya!

Halafu ikaja Paris, tarehe 6 Machi 2019. United walikuwa wamefungwa 2-0 nyumbani na Paris Saint-Germain, na wachezaji kumi hawakuwepo. Lakini wakashinda 3-1 na kusonga mbele kwa sababu ya magoli ya ugenini. Sasa angalieni hayo magoli matatu. La kwanza, beki wa Paris alirudisha mpira vibaya, Lukaku akaunasa. La pili, kipa Buffon aliutema mpira, Lukaku akamalizia. La tatu, mpira uligonga mkono wa beki dakika za mwisho kabisa, refa akaenda kutazama video, penalti, Rashford akafunga. Makosa matatu ya wenyewe! Mtu atasema hiyo ni bahati tupu. Lakini niulize: mpira ulipotemwa, nani alikuwa ameshakimbilia pale? Kama Lukaku angekuwa amesimama mikono kiunoni, kosa la kipa lingemsaidia nini?

Tarehe 28 Machi Solskjær akapewa kazi rasmi, mkataba wa miaka mitatu. Alikuwa ameshinda mechi 14 kati ya 19. Lakini kutoka Machi hiyo upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Katika mechi 12 za mwisho wa msimu alishinda mbili tu. Siku ya mwisho, tarehe 12 Mei, ni Cardiff tena, sasa pale Old Trafford, na Cardiff wameshateremka daraja. Cardiff wakashinda 2-0. United wakamaliza nafasi ile ile ya sita.

Mtu ni yule yule. Desemba mtaalamu, Mei bure kabisa. Na kabla ya hapo alikuwa ameshinda ligi ya Norway mara mbili na Molde, mwaka wa 2011 na 2012, kisha mwaka wa 2014 akateremka daraja na hiyo hiyo Cardiff. Baadaye aliipeleka United nafasi ya tatu, msimu uliofuata ya pili, halafu Novemba 2021 naye akafutwa. Je, tumwite mjuzi ama mwenye bahati?

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Kule Uholanzi mtafiti anayeitwa Bas ter Weel aliitazama ligi ya nchi yao kuanzia 1986 hadi 2004. Alizichukua timu zilizomfukuza kocha baada ya kushindwa-shindwa, akazilinganisha na timu zilizoanguka vivyo hivyo lakini zikamvumilia kocha wao. Akakuta zote ziliinuka, waliobadilisha na wasiobadilisha.

Unaelewa sababu? Fikiria homa ya mafua. Siku ya kwanza unakunywa ndimu, haikuachi. Siku ya pili tangawizi, haikuachi. Siku ya tatu jirani anakuletea majani fulani kutoka kwao. Siku ya nne unaamka mzima. Basi unatangaza mtaa mzima, "Yale majani ni kiboko!" Kumbe homa ilikuwa inakwenda zake. Kocha hufukuzwa timu ikiwa chini kabisa, na aliye chini kabisa, mara nyingi njia iliyobaki ni ya kupanda. Anayeingia wakati huo hupewa sifa yote.

Wapendwa, hapa nataka kusema neno gumu kidogo, mniruhusu. Ndivyo wengine wetu tunavyofanya na mambo ya Mungu. Biashara ikilala, tunabadilisha kanisa. Mtoto akiugua, tunabadilisha mtumishi. Tunapita kwa huyu, kwa yule, tukiacha sadaka kila mlango. Siku mambo yakigeuka, yule wa mwisho ndiye "mtu wa Mungu wa kweli", na aliyekesha akikuombea miaka mitano unamwita hana upako. Yamkini Mungu alikuwa amekujibu tangu yale maombi ya kwanza, ila wakati wake ulikuwa haujatimia. Usimpe nabii wa siku ya nne utukufu ambao hata wa siku ya kwanza hakustahili. Ni wa Bwana!

Sasa fungua Mhubiri 9:11. Yule mwenye hekima anasema alitazama chini ya jua akaona kwamba mwenye mbio si lazima ashinde, na shujaa si lazima atwae vita, wala akili si lazima zilete mali, kwa maana wakati na bahati huwafikia watu wote. Kuna ndugu huniambia, "Pasta, Mkristo hasemi bahati." Biblia yenyewe imesema! Hata Ruthu 2:3, alipotoka kuokota masazo, Neno linasema ilikuwa bahati yake kuangukia shamba la Boazi. Hakuwa na ramani, wala hakumjua mwenye shamba. Lakini ona mambo mawili. Kwanza, Ruthu alikuwa ameamka na kwenda. Bahati haikumkuta kitandani. Pili, jambo ambalo kwake Ruthu lilikuwa bahati, kwa Mungu lilikuwa njia ya kumleta Daudi, na baada ya Daudi, Masihi. Haleluya!

Ila tuwe waangalifu. Usitoke hapa ukisema Mungu ni shabiki wa Man U na ndiye aliyeusukuma ule mpira kwenye mkono wa beki. Hata Paris kuna watu wanaoomba. Mungu anatawala yote, lakini hajatuambia sababu ya kila mpira unaodunda.

Twende kwa Yoshua. Huyu ndiye kocha mpya wa Biblia. Musa amekufa, na viatu vya Musa ni vikubwa. Mechi ya kwanza ni Yeriko, mji wenye kuta. Hakuna ngazi iliyojengwa wala shimo lililochimbwa. Wanazunguka siku saba, wanapiga baragumu, wanapiga kelele, ukuta unaanguka. Ushindi wa kwanza, mkubwa kuliko tano kwa moja! Neno linasema sifa zake zikaenea nchi yote.

Halafu ikaja Ai. Mji mdogo. Wapelelezi wakarudi wakisema, usiwachoshe watu wote, elfu mbili ama tatu watatosha. Soma Yoshua 7 polepole nyumbani. Yeriko walikwenda kwa neno la Bwana, Ai walikwenda kwa ripoti ya wapelelezi. Sioni mahali Yoshua alipouliza kwa Mungu kabla ya kwenda. Na ndani ya kambi kulikuwa na Akani, ameficha vitu chini ya hema lake. Wakapigwa, watu 36 wakafa. Nyumba thelathini na sita zikalia kwa sababu ushindi wa kwanza uliwafanya watu waamini kwamba wao ndio walioangusha ukuta.

Lakini msiishie hapo. Yoshua 8, Mungu anamrudisha Ai. Safari hii hakuna ukuta wa kuanguka wenyewe. Mungu anampa mbinu: weka waviziao nyuma ya mji, nenda mbele, jifanye unakimbia, wakikufuata wale wengine waingie. Hiyo si ni mipango ya kocha? Ni ujuzi kabisa! Yeriko watu walishinda bila ujuzi, Ai wakashinda kwa ujuzi, na mwenye kutoa ushindi wote ni mmoja. Ndiyo sababu nawaambia vijana wangu: mnauliza ni ujuzi ama ni bahati, lakini Biblia inatuuliza, huo ujuzi wenyewe ulipewa na nani? Kumbukumbu la Torati 8:17-18 inatukataza kusema moyoni kwamba nguvu za mkono wetu ndizo zilizotupatia utajiri. Hata nguvu za kutafuta ni zawadi. Akili ulizaliwa nazo. Mwalimu aliyekufundisha hukumchagua. Mwili wa kuamka saa kumi alfajiri kuna mtu amelala hospitali anautamani.

Sasa nitoe ushuhuda wangu mwenyewe, nao si wa kujisifu.

Miaka mingi iliyopita, kabla sijaja hapa, nilipewa kanisa la mabati pembeni mwa mji mmoja. Nilikuta watu kama arobaini. Mchungaji aliyenitangulia alikuwa mzee, ametumika pale miaka tisa, na washirika walikuwa wamenung'unika mpaka akahamishwa. Mimi nilikuwa kijana, sauti kubwa, suti mbili. Ndani ya miezi saba tukakosa viti. Tukaanza ibada ya pili. Watu wakasema, "Huyu sasa ndiye pasta!" Nami nikaamini. Kwenye kongamano moja nilishika kipaza sauti nikasema, "Nililikuta kanisa limelala, Mungu akanitumia kuliamsha." Watu wakapiga makofi. Yule mzee alikuwa ameketi kiti cha nyuma. Naye alipiga makofi.

Baada ya hapo mama mmoja shemasi alinikaribisha kwake chai. Nilipomaliza kunywa akatoa daftari lililochakaa, akaniambia, "Pasta, soma." Ndani kulikuwa na majina ya familia, na namba za ploti. Wale watu waliokuwa wanajaa kwenye ibada yangu ya pili, wengi walikuwa humo. Yule mzee alikuwa akizunguka na baiskeli tangu watu waanze kununua ploti zile, kabla hawajajenga, anawasalimia mafundi, anaombea misingi ya nyumba, anaandika majina. Kisha barabara ikawekwa lami, nauli ya matatu ikashuka, nyumba zikaisha, watu wakahamia. Wakatafuta kanisa la yule mzee wa baiskeli. Walipofika wakanikuta mimi na suti yangu.

Mama hakunikemea. Alisema tu, "Nilitaka ujue." Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu jasho lake mbele ya watu, nikalipaka jina la Mungu.

Nilikwenda kwake wiki iliyofuata. Nilimkuta analisha kuku. Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi, nikamwomba msamaha. Aliniinua, akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, hata mimi nilipofika nilikuta mtu ameshalima." Kisha akaniombea. Ukitaka kujua mahali nilipopata upako, kama ninao, ni pale kwenye kuku. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 3:6-7 kwamba mmoja hupanda, mwingine hutia maji, na anayekuza ni Mungu peke yake. Nilikuwa nimeyahubiri hayo mara nyingi. Siku hiyo ndiyo niliyaelewa.

Kwa hiyo tujifunze mambo manne.

La kwanza, ukifanikiwa mapema, piga magoti mapema. Ushindi wa kwanza haujakuambia wewe ni nani. Kaa na Mungu kabla ya Ai kama ulivyokaa naye kabla ya Yeriko. Na chungulia chini ya hema lako kama hakuna kilichofichwa.

La pili, mheshimu aliyekutangulia. Wewe uliyepewa uongozi wa kwaya, wa chama cha akina mama, wa kamati ya ujenzi: kabla hujasema "nilikuta mambo yameharibika", uliza nani alilima.

La tatu, usimhukumu anayeshindwa leo. Alex Ferguson alipoingia United Novemba 1986, mechi yake ya kwanza alifungwa 2-0 na Oxford. Kombe lake la kwanza pale alilipata 1990, na ligi akaipata 1993. Alipostaafu 2013 alikuwa na mataji 13 ya ligi. Kama wangempima kwa mechi ya kwanza wangesema ana mkosi. Sasa wewe unamwambia ndugu yako ana laana kwa sababu duka limefungwa? Ayubu alikuwa na marafiki wa aina hiyo, na Mungu aliwakasirikia. Mpelekee unga, muombe pamoja, nyamaza.

La nne, na hili nawaambia vijana wa kiume hasa, ingawa siku hizi hata akina dada wamo: achana na kubeti. Kijana mmoja wa bodaboda ameniruhusu nisimulie bila jina lake. Ile Desemba ya Solskjær alianza kuweka shilingi hamsini hamsini. Akashinda. Akaweka mia mbili, akashinda. Marafiki wakamwambia ana jicho la mpira. Naye akaamini, kama mimi na suti yangu. Ilipofika Mei aliona ile mechi ya Cardiff: timu imeshateremka, inacheza ugenini, haina cha kupigania. Akasema hii ni ya uhakika. Akaweka kodi ya nyumba ya miezi miwili. Mke wake alijua siku mwenye nyumba alipobadilisha kufuli. Mtoto alikuwa na miezi minne.

Leo yuko hapa kanisani, anaendelea vizuri, amelipa madeni yote, mke wake alimsamehe. Lakini anasema pesa haikumuumiza kama lile neno alilojiambia: "Mimi najua." Ushindi wa kwanza ulimfundisha uongo. Kampuni ya kubeti inalijua hilo vizuri. Ukishinda mapema, utarudi.

Basi Jumapili hii nimewajibu vijana wangu hivi. Kocha mpya akishinda, kuna kazi yake ndani, mpeni. Kuna kazi ya aliyemtangulia na ya wachezaji, wapeni nao. Kuna wakati na bahati, msikatae. Mkimaliza kuhesabu hayo yote, mtapata kwamba hakuna hata kimoja ambacho mtu alijipa mwenyewe. Paulo anatuuliza katika 1 Wakorintho 4:7, una nini ambacho hukupokea? Na kama ulipokea, unajivunia nini?

Mkaribie jirani yako umwambie: "Nilikuta mtu ameshalima." Amina!

KAZI YA WIKI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI
1. Someni Yoshua 7 na 8 kwa sauti. Ni nini kilibadilika kati ya safari ya kwanza ya Ai na ya pili?
2. Kila mmoja ataje mtu aliyemtangulia mahali alipo sasa: kazini, kwenye ndoa, shambani ama kwenye huduma. Kabla ya Jumapili mpigie simu ama mtembelee, umshukuru. Kama kuna pahali ulimkosea kwa maneno, omba msamaha.
3. Kama unabeti na imekushinda kuacha, usione haya. Zungumza na kiongozi wa kikundi chako ama uje ofisini kwangu Alhamisi baada ya maombi ya mchana. Hakuna atakayetangazwa.

OMBI
Baba, asante kwa milango uliyofungua mwaka huu. Tusamehe pale tulipojipa sifa zako. Tusamehe tulipowadharau waliotangulia na kuwahukumu walioanguka. Tufundishe kukuuliza kabla ya Ai. Ukitupa ukuta wa kuanguka, tutakusifu. Ukitupa mbinu na jasho, bado tutakusifu. Katika jina la Yesu. Amina.